Kizingiti cha Msikiti

Huko kwetu pwani, wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo msikiti ni sauti itokayo kwenye kipaza, si mahali pa kuingia. Hakuna aliyetuketisha akatukataza. Tuliwaona mama zetu wakitandika misala chumbani, nasi tukatandika.

Mwezi uliopita kazi ilitupeleka Istanbul, Uturuki. Semina ilipomalizika tulipata nusu siku ya kutembea, tukapanda feri kuvuka Bosphorus hadi Üsküdar. Mkabala wa gati upo msikiti wa Mihrimah Sultan, kazi ya mjenzi Sinan, uliokamilika mwaka 1548. Aliyeujengesha ni mwanamke, binti wa Sultan Suleiman. Ikaadhiniwa Alasiri. Miguu yetu ikasita kizingitini, na wala hapakuwa na wa kutuzuia. Bibi mmoja, kikapu cha mboga mkononi, akatupita, akavua viatu, akaingia kama aingiaye jikoni kwake. Tukamfuata hadi upande wa wanawake, tukaswali.

Swala ya mwanamke nyumbani ina fadhila zake; hilo hatulibishi. Kinachotushughulisha ni kule kusita. Je, ni dini iliyotusimamisha pale, au ni mazoea yaliyovikwa kanzu ya dini?

Tuliporejea, binti yetu wa miaka tisa alizitazama picha, kisha akauliza kama msikiti wa mtaani kwetu una mlango wa wanawake. Tukamwambia upo, kwa nyuma, karibu na birika. Ijumaa tutampeleka auone.