Mkutano wa kila wiki ndio shina la utawala bora Ukambani

WAKENYA wanapozungumzia vyama vya kuihudumia jamii, fikra zao aghalabu huelekea mijini, kwenye klabu kama vile Rotary, ambazo wanachama wake hukutana hotelini, wakala pamoja, wakamsikiliza mgeni mwalikwa, kisha wakachangia kisima au vitabu vya shule. Utaratibu huo ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1905, na ukafika Nairobi mwaka 1930.

Hata hivyo, wakazi wa Kitui na Makueni wana desturi yao ya kale ya kuhudumiana. Huiita mwethya. Hapo awali, aliyekuwa na kazi kubwa shambani aliwaalika jamaa na majirani wamsaidie. Baadaye desturi hiyo ilizaa vikundi vyenye viongozi wa kuchaguliwa na siku maalumu ya kukutana. Siku hiyo ikiwadia, kila mmoja huja na jembe, sururu au karai lake, majina yakasomwa, kazi ikafanywa, na mambo ya kijiji yakajadiliwa papo hapo.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, serikali za kaunti zinauthamini mkutano huo, ama huukumbuka tu wakati wa kusaka kura?

Historia ina funzo. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, Muindi Mbingu aliwaongoza watu wake hadi Nairobi kumwona gavana. Alihamishiwa Lamu, lakini amri hiyo ililegezwa. Kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo nayo ilichukiwa mno ilipofanywa kwa shuruti. Katika miaka ya 1950, kazi iyo hiyo ilipokabidhiwa vikundi vya mwethya, ilishika kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha Makueni, ilikuwa na mmomonyoko mdogo kuliko ule wa miaka ya 1930, ilhali idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano.

Udongo ulikuwa ule ule na jembe lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua kazi ifanywe wapi na lini.

Ushahidi mwingine umo katika mito ya msimu. Kitui, shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji tangu miaka ya 1990 kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Makueni na Machakos, kazi hiyo iliendelezwa na vikundi vilivyounganishwa na shirika la Utooni. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukingama mto. Mafuriko huleta mchanga, nao mchanga huhifadhi maji ambayo jua haliwezi kuyakausha kwa urahisi. Mama aliyekuwa akitembea kwa saa kadhaa na punda wake huchota karibu na nyumbani.

Lakini ukuta haujilindi. Mchanga huo huo unatamaniwa na wenye malori wanaoupeleka kwenye majengo ya mijini. Ukichotwa, maji nayo huondoka. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, lakini afisa wa kaunti hawezi kukesha katika kila korongo. Anayeisikia lori usiku ni jirani, na jirani aliyebeba mawe ya ukuta ule hatanyamaza kwa wepesi.

Hapa ndipo Katiba ya 2010 inapoingia. Inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi ya umma. Katika kaunti nyingi, hilo limegeuka kuwa tangazo gazetini, hema, soda na saini za waliohudhuria. Wakazi wa bonde la Mui, Kitui, walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kuwa hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa makaa ya mawe. Mwaka 2015 majaji hawakukubali ombi lao, lakini waliweka kanuni ambazo mahakama zingali zinazirejelea: wananchi wapewe habari wanazohitaji, na juhudi za kuwashirikisha ziwe za dhati.

Juhudi za dhati haziwezi kuwa za siku moja. Makueni ilijaribu njia nyingine chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyehudumu kuanzia 2013 hadi 2022. Mijadala ilianzia kijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti, na wakazi wakachagua kamati za kusimamia miradi. Ikumbukwe kuwa kaunti hiyo nusura ivunjwe mwaka 2015 kutokana na mzozo baina ya gavana na wawakilishi wa wadi. Licha ya hayo, wajumbe kutoka kaunti nyingine walimiminika Wote kujifunza.

Si kwamba vikundi hivi havina dosari. Maskini asiyeweza kuacha kibarua cha siku moja huachwa nje, na pamoja naye haki ya kusema. Vijana wengi wamehamia mijini, na mzigo umewaangukia kina mama. Aidha, mwanasiasa akileta matangi na bahasha, kikundi kilichoundwa kwa jasho hugeuka kuwa cha kupiga makofi.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa 2027 unapokaribia, magavana wa kaunti hizi mbili wangefanya vyema kubadili mwendo. Badala ya kuwaita wanavijiji hemani, maafisa wao waende siku ya mwethya wakiwa na makadirio ya bajeti yaliyoandikwa kwa Kikamba na Kiswahili. Wiki inayofuata warudi na majibu. Kikundi nacho kiweke nafasi kwa mzee, mgonjwa na kibarua, ambao mchango wao si lazima uwe wa mawe.

Mkono mmoja haulei mwana, na serikali peke yake hailindi mto. Walio na haki ya kwanza kuulizwa mto ulindwe vipi ni wale waliozoea kukutana mtoni kila wiki, hata pasipo kamera wala mgeni wa heshima.