UCHAMBUZI: Aliyegongwa kichwa atolewe uwanjani

Uwanja wa Ithookwe, Kitui, uliandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa mnamo Oktoba 20, 2025. Hata hivyo, mechi nyingi za kandanda na raga katika kaunti za Kitui na Makueni huchezewa viwanja vya shule, ambako daktari ni nadra kuonekana.

Hapo ndipo mtikisiko wa ubongo hupuuzwa. Wengi hudhani kwamba asiyezimia hajaumia, ilhali dalili ni pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu, kuyumba na kusahau. Aidha, picha ya CT kwa kawaida haiuonyeshi. Hutafuta damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika.

Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000, na anayeumia Kyuso au Mutomo yu mbali na hospitali ya rufaa. Hivyo basi, tiba ya kwanza i mikononi mwa mwalimu na refa: mwenye dalili atolewe, asirejee siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akipatwa na degedege au maumivu yakizidi, akimbizwe hospitalini.

Mwongozo wa World Rugby huwataka wachezaji wa mashinani kukaa nje ya mechi kwa angalau siku 21. Pigo la pili kabla ya kupona laweza kuvimbisha ubongo na hata kuua, japo kwa nadra.

Kocha anayewania kombe asiachiwe uamuzi huo peke yake. Waandalizi wa michezo ya shule wampe refa kauli ya mwisho.