"Ulemavu wa Kudumu": Barua ya Daktari na Kodi ya Mzazi

Nchini Marekani, mzazi anayejaza ritani ya kodi ya mapato huruhusiwa kumwandika mwanawe kuwa mtegemezi ikiwa mwaka unapoisha mtoto hajatimiza miaka 19, au 24 kwa mwanafunzi wa muda wote. Mwenye ulemavu wa kudumu na kamili hana kikomo cha umri. Sisi tunaotibu magonjwa ya akili hatuna budi kuitazama mipaka hiyo kwa makini, kwani mara nyingi skizofrenia huanza katika umri huohuo, kijana akiwa chuoni au akianza kazi.

Kwa familia za Waswahili waishio huko, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo, maneno hayo ni mazito. Mzazi huona kwamba kumwita kijana wa miaka 25 mlemavu wa kudumu ni kumkatia tamaa. Daktari naye husita, akidhani ametakiwa kutabiri maisha yote.

Sheria haitaki utabiri huo. Inauliza iwapo maradhi, ya mwili au ya akili, yanamzuia mtu kufanya kazi ya kumpatia kipato cha maana. Na iwapo daktari ameona kuwa hali hiyo imedumu, au yatarajiwa kudumu, mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, au yaweza kuleta kifo. Mwaka mmoja tu! Kijana tunayetumaini atarejea kazini baada ya miaka mitatu hazuiwi na tumaini hilo.

Kwa hiyo barua isemayo tu kwamba "mgonjwa anahudhuria kliniki" haifai kitu. Ieleze hali ilianza lini, inamzuiaje kufanya kazi, na yatarajiwa kudumu muda gani. Sauti anazozisikia hazihitaji kusimuliwa. Wala ombi la mama halitoshi: mtu mzima ndiye mwenye siri yake, maadamu ana uwezo wa kuamua. Na anayeweza kufanya kazi asiandikiwe, hata jamaa wakisihi.

Yako masharti mengine. Mtoto asiwe amejikimu mwenyewe kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, na awe ameishi na mzazi zaidi ya nusu mwaka. (Aliyebaki Bukavu, asiye raia wa Marekani, haingii, hata akitumiwa fedha kila mwezi.) Lakini kulazwa hospitali kwa muda huhesabiwa kuwa yuko nyumbani, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi wodini, karatasi za kulazwa na za kuruhusiwa zitunzwe.