Ultrasaundi ya jicho kwa mgonjwa wa kiharusi: msaada wa rufaa, si mbadala wa CT-Scan

Na Mwandishi Wetu

Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharamiwa kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, hospitali za rufaa za mikoa zilinunuliwa mashine za CT-Scan. Kwa mgonjwa wa kiharusi hatua hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa picha ya ubongo ndiyo inayomwambia daktari kama mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Dalili za hali hizo mbili hufanana mno, ilhali matibabu yake yanapingana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, inaweza kumuua mgonjwa ambaye ubongo wake unavuja damu.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawaanzii hospitali ya mkoa. Huanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mkazi wa Mafia, kisiwa kilichomo Mkoa wa Pwani, hospitali yake ya rufaa ya mkoa ni Tumbi, iliyoko Kibaha. Bahari iko katikati. Ni katika pengo hilo, baina ya mlango wa kwanza na mashine ya picha, ndipo madaktari wa dharura katika nchi mbalimbali wamekuwa wakikitazama kipimo kimoja chepesi: ultrasaundi ya jicho inayofanyika mgonjwa akiwa kitandani.

Msingi wake ni wa maumbile. Neva inayotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo imefunikwa na ala, na ala hiyo ni mwendelezo wa utando unaoufunika ubongo wenyewe. Maji yanayouzunguka ubongo huingia pia ndani ya ala. Shinikizo linapopanda ndani ya fuvu, maji hayo husukumwa na ala hutanuka. Mtaalamu hupaka jeli juu ya kope iliyofumbwa, huweka kichwa cha mashine kwa wepesi bila kukandamiza, kisha hupima upana wa ala milimita 3 nyuma ya mboni yote ya jicho. Kwa mtu mzima, upana unaozidi takribani milimita 5 huamsha shaka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haitumii mionzi na haihitaji kumwondoa mgonjwa kwenye machela. Nguvu ya mawimbi hushushwa kwa ajili ya usalama wa jicho, na kipimo hakifanywi kabisa pale inaposhukiwa kwamba jicho limepasuka, kwa mfano baada ya ajali.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika, maana kifaa kinachobebeka kwa mkono ni rahisi kukitwisha mzigo usio wake. Ultrasaundi ya jicho haipimi kiharusi. Inapima shinikizo ndani ya fuvu, tena kwa njia ya kukisia. Damu iliyovuja kwa wingi hupandisha shinikizo haraka, hivyo ala pana kwa mgonjwa aliyepooza ghafla na kupoteza fahamu ni ishara nzito. Lakini uvimbe wa ubongo, homa ya uti wa mgongo na jeraha la kichwa vilevile huitanua. Kwa upande wa pili, mshipa ulioziba asubuhi ya leo unaweza usiibadilishe ala hata kidogo, kwa sababu ubongo ulioathirika huvimba zaidi katika siku zinazofuata. Mhudumu atakayeona ala nyembamba na kumrudisha mgonjwa nyumbani atakuwa amekosea vibaya. Na atakayeona ala nyembamba akahitimisha kuwa hakuna damu inayovuja, kisha akatoa dawa ya kuyeyusha damu, atakuwa amekosea vibaya zaidi.

Kwa maoni ya mwandishi, thamani ya kipimo hiki nchini iko kwenye uamuzi wa rufaa. Daktari wa wilaya mwenye gari moja la wagonjwa na watu wawili wanaolihitaji anapata sababu ya kueleza nani atangulie. Anapata pia sababu ya kuinua kichwa cha kitanda, kuilinda njia ya hewa na kuipigia simu hospitali inayopokea kabla gari halijaondoka. Wala kipimo hicho hakipaswi kutangulia kile cha bei nafuu zaidi: sukari ya damu. Sukari iliyoshuka mno humfanya mtu aonekane kana kwamba amepata kiharusi, na tiba yake haihitaji rufaa.

Kikwazo kikubwa si ununuzi. Vituo vingi tayari vina ultrasaundi kwa ajili ya wajawazito, ingawa kichwa cha mashine kinachotazama mimba hakifai kwa jicho. Panahitajika kichwa bapa chenye masafa ya juu, megahezi 7.5 au zaidi. Kilicho adimu ni mkono uliozoea. Nusu milimita ndiyo tofauti kati ya hali ya kawaida na hatari, na wapimaji wawili wasiofunzwa kwa utaratibu mmoja wataikosa kwa urahisi. Tanzania ina pa kuanzia: Idara ya Magonjwa ya Dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Kuufikisha ujuzi huo wilayani ni kazi ya mitaala na usimamizi.

Wakati huohuo, sehemu ya kazi iko mikononi mwa familia. Uso unaoning'inia upande mmoja, mkono unaokosa nguvu au maneno yanayovurugika ghafla ni sababu ya kwenda kituoni mara moja, bila kusubiri kuche na bila kumpa mgonjwa aspirini, kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua kama damu inavuja. Ndugu anayemsindikiza aandike pia saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Saa 4 na nusu za dawa huhesabiwa kuanzia hapo, na si kuanzia alipofikishwa mapokezi.