Nyimbo za Zawose zifasiriwe

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya nyimbo za marehemu Hukwe Zawose.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani Dodoma kumzika shangazi yangu. Jioni kijana mmoja alifungulia wimbo wa Zawose kwenye simu yake. Wazee wakasogea, wakasikiliza kimya, halafu ghafla wakaangua kicheko wote kwa pamoja. Mimi nami nikacheka, nisije nikaonekana mgeni. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mnacheka nini?" Sikuwa na jibu. Mimi ni Mgogo niliyekulia Dar es Salaam, na katika wimbo ule nilishika maneno mawili matatu tu.

Ndugu Mhariri, Zawose si mtu mdogo. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu wa sanaa kule Bagamoyo. Sauti yake, zeze na ilimba yake vilisikika Ulaya nzima, na mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake ya Chibite. Alifariki mwaka 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024. Kwa hiyo mapigo hayajapotea. Kinachotuponyoka ni maneno.

Siku hizi mgeni mkubwa akija Dodoma, akina mama hupiga muheme, naye hutikisa kichwa na kupiga makofi. Ni vizuri. Lakini je, kuna mtu anayemweleza kinachoimbwa? Na sisi wenyeji je?

Najua watakuwapo watakaosema huu ni ukabila. Hapana. Zawose aliimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili pia, wala hakuligawa taifa. Mimi naomba Kiswahili kitumike kumfikisha kwa Mhaya na Mmakonde, wajue Mgogo anawaza nini.

Kwa hiyo naiomba wizara inayohusika na utamaduni, pamoja na Chuo cha Bagamoyo, iwakalishe wazee wanaozijua nyimbo hizi. Maneno yaandikwe kwa Kigogo na Kiswahili ubavuni, kiwe kijitabu cha bei nafuu. Redio nayo, kabla ya kupiga wimbo, itupe japo sentensi mbili za maana yake. Hilo halihitaji fedha za kigeni! Lakini lifanyike mapema, maana wale waliocheka siku ile wengi wao wamepita miaka 70.

Mimi nimeanza na mama yangu mdogo. Yeye husikiliza, nami naandika kwenye daftari la mwanangu. Wimbo wa kwanza umetuchukua Jumapili mbili, na bado kuna neno moja tunabishania.

Msomaji wako,
Dar es Salaam.