Ua Jekundu la Kiangazi

Mvua zikikatika hapa Goma, tangu Juni hata Agosti, tuutazame mti uitwao umuko kwa Kinyarwanda. Gome lake ni nene, lina miiba. Majani hupukutika, ndipo maua mekundu huchanua juu ya matawi matupu, na ndege wadogo huja kunyonya utamu wake. Wengine huudhania ule mti wa bustani wenye maua kama vikombe. Lakini huo huchanua ukiwa na majani yake. Maua ya umuko hupendeza altareni. Mbegu zake ndizo za kuangaliwa: nyekundu zenye doa jeusi, na watoto huzitunga kama shanga. Zina sumu! Zikitobolewa au kusagwa, sumu hutoka; wazazi, mtoto asizitie kinywani kamwe.