Kabla ya mpira na kombe, nani atafagia choo cha kituo?

Na Mchangiaji wetu, Kinyangiri

Hapa Kinyangiri vijana wakikaa chini ya mti jioni, hasa baada ya kuvuna alizeti wakati shambani hakuna kazi, mazungumzo yao hurudi pale pale: tunataka kituo. Wanataka uwanja uliosawazishwa, ukumbi wa kuchezea bao na drafti, na mahali pa kuangalia mechi badala ya kubanana ndani ya kibanda umiza kisicho na dirisha, ambamo mmoja akikohoa wote wanavuta pumzi yake.

Mimi siwapingi. Wapo ndugu zetu wakisikia neno burudani hukunja uso, lakini tunajua kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) hakuwazuia. Swali langu ni jingine, na linatokana na kazi niliyoifanya kwa mikono yangu.

Kwa miaka minne nilikuwa mtunzaji wa ukumbi wa jamii katika mji mmoja wa mkoa wetu wa Singida. Sitautaja, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Watu walidhani kazi yangu ni kushika ufunguo. "Pale unafanya nini hasa?" shemeji yangu aliniuliza siku moja, "si unafungua tu na kufunga?"

Naomba nieleze. Baada ya Swala ya Alfajiri nilikuwa nikifungua madirisha ili hewa ya usiku itoke. Kabla ya kufagia ilibidi ninyunyize maji sakafuni, maana upepo wa Singida mnaujua, na vumbi la watu mia mbili likitimka asubuhi linaingia vifuani mwa watoto wa chekechea waliokuwa wakija saa mbili. Kisha nilikwenda chooni. Matundu yalikuwa mawili, moja la wanaume na moja la wanawake, na mlango wa wanawake haukuwa na komeo. Baada ya harusi ya usiku, nisingependa kuandika nilichokikuta humo. Nyuma ya ukumbi ulikuwepo ukuta ambao vijana waliugeuza choo cha haja ndogo, ilhali chini yake ndipo watoto walipochezea gololi mchana. Dini imetukataza kujisaidia njiani na kwenye kivuli wanapopumzika watu, nasi tulikuwa tukifanya hayo kwenye uwanja wa watoto wetu wenyewe.

Jezi nazo zilikuwa seti moja. Timu ya kwanza ikizivua, ya pili inazivaa zikiwa bado mbichi kwa jasho, na ya tatu inasubiri. Mapunye na fangasi za ngozi hupita kwa njia hiyo hiyo, kwa nguo, taulo na kofia za kuazimana. Nilikuwa nazifua Jumatatu kwa kipande cha sabuni nilichonunua mwenyewe.

Jambo ambalo halijanitoka moyoni ni la mtungi. Tulikuwa na mtungi mmoja wa maji ya kunywa na kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kamba ili kisiibwe. Maji niliyachota mwenyewe kisimani. Kuni za kuyachemsha hazikuwepo kwenye bajeti, na dawa ya kutibu maji nilipoiomba niliambiwa nisubiri. Yakaja mashindano ya watoto wakati wa likizo. Kila mtoto alitoka uwanjani mikono imejaa udongo, akatumbukiza kikombe mpaka vidole vikaingia majini, akanywa, akampa mwenzake. Siku ya tatu watoto kumi na mmoja hawakuja. Walikuwa wanaharisha, na mmoja alilazwa akawekewa dripu. Alhamdulillah alipona. Sikuwa na maabara, wala siwezi kuapa kuwa ni mtungi wetu. Ila mimi ndiye niliyeujaza, na mama yake yule mtoto nilikuwa nakutana naye sokoni.

Nilipeleka habari kwenye kamati. Nikaomba vitu vitatu: pipa lenye koki, sabuni, na komeo la mlango. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akacheka: "Mama, sisi tunatafuta bingwa, wewe unatuletea habari za choo?" Mwezi huo vilinunuliwa kombe na spika mbili. Posho yangu ya mwezi ule niliipata baada ya miezi miwili.

Ndugu zangu, tumezoea hivyo tangu zamani. Kumbi za jamii si jambo geni Afrika Mashariki. Miaka ya 1940 Nairobi ilipata ukumbi wa Kaloleni, na Unguja ikapata Raha Leo kule Ng'ambo. Dar es Salaam ikapata Arnautoglu, uliobeba jina la mfanyabiashara mwenye asili ya Kigiriki aliyetoa fedha. Historia inawakumbuka waliohutubia ndani ya kumbi hizo, na kila mwanafunzi anasikia kuwa Januari 1964 matangazo ya Mapinduzi yalitoka Raha Leo. Aliyekuwa akifagia Raha Leo hatumjui. Hali kadhalika Madina palikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, Masahaba hawakuona haja ya kumpa Mtume (s.a.w.) habari, kana kwamba jambo lake ni dogo. Yeye alipomkosa alimuulizia, akasikitika kwamba hakuambiwa, akataka kuonyeshwa kaburi, akamswalia hapo. Imo katika Bukhari na Muslim, na masheikh wetu huisoma sana, ila sijapata kusikia ikisomwa siku ya kupanga mshahara wa mfagiaji.

Sasa nirudi Kinyangiri. Sisi tuko nchi kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo mama na binti wanahesabu ndoo. Kwa hiyo mtu akisema kituo kiwe na maji ya kunawa, jibu liko tayari: maji yenyewe ya kupikia yako wapi? Jibu hilo wenzetu wa Kongwa, hapo jirani mkoani Dodoma, nao walikuwa nalo. Wao wana ukame, mifugo na nzi kama sisi, na trakoma iliwapofusha wazee wao wengi. Akina mama waliamini kuwa kumwosha mtoto uso kunahitaji maji mengi, mpaka walipoonyeshwa kwa vitendo kuwa lita moja huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi baada ya kutibiwa walikuwa na hatari ndogo ya kupata trakoma kali. Maana yake ni kwamba hata maji kidogo yanafanya kazi, mradi awepo mtu wa kuyasimamia kila siku.

Tena bati la ukumbi lenyewe ni kisima. Chukua bati la mita za mraba 100. Mvua ikifika milimita 600 kwa mwaka, jambo ambalo kwa Singida si ajabu, juu ya bati hilo zinaanguka lita 60,000. Toa robo inayomwagika na kupotea, zinabaki 45,000. Simtanki mbili za lita 5,000 zikijazwa mwishoni mwa mvua, ukitumia lita 50 kwa siku, zinakupeleka siku 200, yaani karibu kiangazi chote. Lita 50 kwa kibuyu chirizi, ambacho hutoa maji kidogo kidogo unapokanyaga kijiti, ni mikono mingi sana. Maji ya kunywa yawekwe peke yake, yachemshwe au yatiwe dawa, na yatoke kwa koki. Kikombe cha kamba kisiwepo.

Tena sisi Waislamu tuna sababu ya ziada. Mechi za vijijini huanza baada ya Alasiri na kuishia Magharibi ikiingia. Kijana aliyejisaidia nyuma ya ukuta bila maji ya kustanji ataswali vipi? Wengi walikuwa wananiambia, "Nitaswali nyumbani, mama," na nyumbani walifika Isha imeadhiniwa.

Na mabinti je? Pale kwetu wasichana walikuwa wakija kucheza netiboli mpaka wanapofikia umri wa hedhi, kisha wanapungua mmoja mmoja. Wazee walisema ni haya. Mimi niliyekuwa nikishikilia mlango kwa mkono wangu ili binti amalize haja yake ndani, najua kuwa kilichowaondoa ni komeo ambalo duka la vifaa lilikuwa likiuza kwa bei ya soda chache. Mwaka 2017 serikali ilipoanzisha kampeni ya Nyumba ni Choo, ilitaka kila kaya iwe na choo bora. Kituo nacho ni nyumba, tena ya watoto wa kaya zote.

Lazima niseme pia kwamba kazi ile niliipenda. Watoto waliniita Mama Ukumbi. Wapo ambao hadi leo wakiniona hunionyesha viganja kama walivyokuwa wakikaguliwa mlangoni, ingawa sasa wana ndevu. Niliondoka kwa sababu mgongo uliniuma na posho haikutosha kununua dawa ya huo mgongo.

Basi vijana wetu wakipeleka ombi lao la kituo mkutano wa kijiji, nitakuwepo na nitanyosha mkono. Shimo la choo lichimbwe kabla ya nguzo za magoli kusimamishwa, vya wanawake viwe upande wao na viwe na komeo, na jina la mtunzaji pamoja na malipo yake yaandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo. Nikiulizwa fedha zitatoka wapi, nitauliza kombe litagharimu shilingi ngapi.